Treni ya Mjini, Treni ya Bara, na Abiria wa Kilangali

Kilangali ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kusini mwa mji wa Kilosa ukielekea Mikumi. Ni nchi ya mpunga, na serikali ina shamba la kuzalisha mbegu za mpunga huko. Mkulima wa Kilangali ana safari zake tatu. Ya kwanza ni ya Kilosa mjini, ziliko ofisi za wilaya na hospitali. Ya pili ni ya Mikumi, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, mahali pa kukamata basi au kukutana na mnunuzi wa mchele. Ya tatu ni ya Morogoro au Dar es Salaam, kumwona mtoto aliye chuoni, kumfuata daktari bingwa, au kuhudhuria msiba. Hakuna hata moja anayoifanya kila siku, na ni hiyo ya tatu tu inayompeleka mbali.

Mjadala wetu wa reli una majina mawili tu ya treni za abiria. Kuna treni ya mjini, inayowapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Kuna treni ya bara, inayotoka mji mmoja mkubwa kwenda mwingine. Kila fedha inapotengwa, kila ratiba inapopangwa na kila nauli inapotangazwa, treni huingizwa katika mojawapo ya makundi hayo. Safari mbili kati ya tatu za mtu wa Kilangali hazimo katika kundi lolote. Swali la namna ya kutofautisha treni hizi mbili linafanana na swali la wataalamu wa vitabuni, lakini jibu lake ndilo huamua ni stesheni gani treni itasimama na ipi itapitwa.

Alama inayokimbiliwa haraka ni umbali, kwamba treni ya mjini huenda karibu na ya bara huenda mbali. Wajerumani walijaribu kuandika mpaka huo katika sheria. Sheria yao ya usafiri wa mikoa, iliyoanza kutumika mwaka 1996, inasema kwamba pakiwa na shaka, usafiri utahesabiwa kuwa wa karibu iwapo safari nyingi za abiria hazizidi kilomita 50 au saa moja. Sheria hiyo haipimi urefu wa njia ya treni, inapima safari ya abiria. Treni inaweza kukimbia kilomita 200 na bado ikahesabiwa kuwa ya karibu, kama abiria wake wengi hupanda na kushuka baada ya vituo vinne au vitano.

Kasi nayo haitoshi. Nchini Japani, Shinkansen ni treni ya masafa kwa kila kipimo, lakini makampuni ya reli huuza tiketi za mwezi kwa watu wanaoipanda kila asubuhi kwenda kazini Tokyo. Treni ni ileile na reli ni ileile, ila ndani ya behewa moja ameketi mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka, na kando yake mwingine anayesafiri mara mbili kwa siku.

Marekani walikwenda njia nyingine, na mimi naiona yao kuwa ya maana zaidi. Sheria inayoiongoza Amtrak, shirika lililoanza kuendesha treni za abiria mwaka 1971, inaitambua treni ya mjini kwa ishara za kibiashara: ni safari fupi ndani ya jiji kubwa na viunga vyake, kwa kawaida yenye nauli iliyopunguzwa, tiketi za safari nyingi, na treni zilizojazwa kwenye saa za asubuhi na jioni. Ukitaka kuijua treni, soma tiketi yake na ratiba yake. Injini na upana wa reli havitakuambia mengi.

Tuipeleke kanuni hiyo Dar es Salaam. Mwishoni mwa Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, jiji lilipata treni zake za kwanza za abiria wa kila siku. TRL, kampuni ya reli ya wakati huo, ilichukua njia ya Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikachukua njia yake ya kuelekea Mwakanga. Watu waliiita treni ya Mwakyembe na jina likashika. Reli iliyotumiwa na TRL ilikuwa ileile Reli ya Kati ya geji ya mita ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ni reli ya treni ya bara kabisa. Kilichoifanya iwe ya mjini ni mambo mengine: nauli ya shilingi 400 kwa mtu mzima, nauli ya mwanafunzi iliyokuwa sehemu ndogo ya hiyo, vituo vya karibu karibu, watu kusimama bila kuhesabu hilo kuwa taabu ya pekee, na treni kukimbia asubuhi na jioni kisha kulala mchana. Hakuna aliyeandika jina lake kwenye tiketi wala aliyeshuka na magunia.

Hapo ndipo pana siri ya gharama ya treni ya mjini, na wengi huikosa. Mabehewa hujaa kwa saa chache upande mmoja na hurudi matupu. Dereva, walinzi, mafundi na vichwa vya treni hulipiwa siku nzima kwa kazi ya saa hizo chache. Nauli haiwezi kupandishwa hadi ifidie, maana abiria atarudi kwenye daladala. Kwa hiyo treni ya mjini, karibu kila mahali duniani, huishi kwa fedha ya umma, na faida yake huonekana kwingine: foleni inayopungua, muda unaookolewa, viwanja vya pembezoni vinavyopata watu. Anayeipima kwa mapato ya tiketi peke yake ataifunga.

Treni ya bara ina hesabu tofauti. Abiria wake hukaa muda mrefu, hulipa zaidi, hubeba mizigo, hula njiani na hata hulala. Ndiyo maana treni za Reli ya Kati za kwenda Kigoma na Mwanza zina daraja la kulala na daraja la kukaa, na ndiyo maana stesheni kama Saranda zikajulikana nchi nzima kwa kuku wanaouzwa dirishani. Anayekwenda Kigoma hashtuki treni ikichelewa dakika 20, lakini kwa anayekwenda kazini Kariakoo dakika 20 ni mshahara.

Sasa tuje kwenye reli ya kisasa, yaani SGR, ambako mpaka kati ya aina hizi mbili unaanza kufutika mbele ya macho yetu. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Inakwenda kwa umeme na imejengwa kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Safari ya Morogoro, ambayo kwa basi ilikuwa ikila saa kadhaa, sasa ni chini ya saa mbili. Baadaye mwaka 2024 zikaongezwa treni za mchongoko, zilizonunuliwa Korea Kusini, ambazo mota zake zimetawanywa chini ya mabehewa badala ya kukaa kwenye kichwa kimoja. Treni ya namna hiyo hushika kasi upesi na kusimama upesi. Kiufundi ina tabia ya treni ya mjini hata inapofanya kazi ya bara.

Wapo wanaosema kwamba Morogoro sasa ni kiunga cha Dar es Salaam. Muda unaruhusu, ila tiketi inakataa. Nauli ya kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000. Mtu anayekwenda na kurudi siku 22 za kazi kwa mwezi atalipa shilingi 572,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Kwa nauli hiyo treni ya Morogoro ni ya bara, na itabaki ya bara hata ikienda mara 20 kwa siku, mpaka atakapopatikana mtu wa kuandika tiketi ya mwezi ambayo mwalimu au karani anaweza kuilipia. Kwa upande mwingine, nauli ya Dar es Salaam hadi Pugu kwenye treni hiyohiyo iliwekwa shilingi 1,000. Huyo wa Pugu ni abiria wa mjini aliyepanda treni ya bara, na kila akipanda anachukua kiti ambacho kingeweza kuuzwa kwa shilingi 31,000 hadi Dodoma. Shirika lenye viti vichache kuliko wateja litamtazama vipi? Swali hilo lijibiwe kwa sera mapema, lisiachiwe karani wa dirisha la tiketi.

Kenya walikutana na jambo hili mapema zaidi. Madaraka Express ilianza tarehe 31 Mei 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, na baada ya miezi michache walitenganisha huduma mbili juu ya reli moja: treni ya moja kwa moja, na treni ya kaunti inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na kwingineko. Nairobi penyewe kuna treni za viungani za Syokimau, Ruiru, Kikuyu na kwingineko, zinazotumia reli ya zamani ya geji ya mita. Kwa hiyo Mkenya anazo treni za aina tatu, ingawa kwenye hotuba hutajwa mbili. Treni ya kaunti si ya mjini, kwa sababu hakuna anayetoka Voi kila asubuhi kwenda ofisini Mombasa. Si ya bara kwa maana kamili pia, kwa sababu abiria wake wengi hawafiki mwisho wa njia. Hiyo ndiyo aina ya tatu, na ndiyo ninayoitafuta kwa ajili ya Kilosa.

Umoja wa Ulaya umeiandika aina hiyo katika sheria zake za reli. Unatenganisha huduma za jiji na viunga vyake, huduma za mkoa ambazo lengo lake kuu ni mahitaji ya mkoa, na huduma za masafa. Naiita treni ya mkoa. Abiria wake anatoka kijijini kwenda mji wa wilaya au wa mkoa na kurudi, mara nyingi siku hiyohiyo, mara moja au mbili kwa wiki, akiwa na tenga la nyanya, gunia la mchele, mgonjwa au mtoto wa shule ya bweni. Safari yake ni fupi kama ya mjini na mzigo wake ni mzito kama wa bara. Saa zake ni tofauti na za zote mbili, maana zinafuata siku ya gulio, siku ya kliniki na mwanzo wa muhula.

Mfano mzuri kuliko yote hauko Ulaya, uko jirani kabisa na Mikumi. Ukishuka kutoka Mikumi hadi Kidatu unaikuta TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China na kukamilika katikati ya miaka ya 1970. Ilikusudiwa kubeba shaba ya Zambia hadi bandarini, na treni zake kubwa za abiria zilipangwa kukimbia kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini kati ya Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba na Makambako, watu waliigeuza kuwa reli yao ya biashara ndogo. Mwanahistoria Jamie Monson aliyafuatilia maisha hayo kwa miaka mingi na kuyaandika katika kitabu chake cha mwaka 2009. Alionyesha jinsi mchele, ndizi na mahindi ya bonde la Kilombero yalivyopanda treni ya kawaida kwa mafungu madogo madogo, na jinsi wakazi walivyopaza sauti kuitetea huduma yao pale mageuzi ya uchumi yalipotishia stesheni ndogo na treni za karibu. Kwa macho ya shirika, treni inayosimama kila kituo ilikuwa treni ya bara iliyoharibika, ya polepole na yenye hasara. Kwa watu wa bondeni ilikuwa treni inayofanya kazi yake sawasawa. Wote waliiangalia treni moja, ila kila upande ulikuwa umeiweka katika kundi lake.

Kilosa ina historia inayoifanya hoja hii iwe chungu zaidi. Ni mji uliokuzwa na reli. Kutoka hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilijengwa tawi la kuelekea kusini hadi Mikumi na hatimaye Kidatu, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, jumla kilomita 108. Tawi hilo ndilo linalopita ukanda huu wa Kilangali na Mikumi, na huko Kidatu ndiko geji ya mita ya Reli ya Kati inakokutana na geji ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067. Mwaka 1998 palifunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli hizo mbili. Mizigo ilifikiriwa. Mtu wa Kilangali anayetaka kwenda Ifakara kumtembelea ndugu yake hakufikiriwa, ingawa kwenye ramani reli zinamtoa karibu na nyumbani hadi karibu na mlango wa ndugu huyo.

Sasa Kilosa ina stesheni ya SGR pia, karibu na milima ambamo reli mpya imetobolewa mahandaki, refu kupita yote likizidi kilomita moja. Nauli iliyotangazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kilosa ilikuwa shilingi 18,000. Ni jambo la kufurahia, na nalifurahia kwa dhati, hasa kwa wilaya ambayo mafuriko ya mto Mkondoa yalikata reli yake ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na kuiacha bila treni kwa muda mrefu. Lakini tuangalie orodha ya stesheni mpya kati ya Morogoro na Dodoma: Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu. Kimamba, mji wa mkonge ambamo treni ya zamani ilisimama tangu enzi za Wajerumani, haumo. Vituo vidogo vya reli ya zamani kati ya hapo na Gulwe navyo vingi havimo.

Mhandisi ana sababu zake na si haki kumbeza. Treni ya kilomita 160 kwa saa ikisimama, hupoteza dakika kadhaa katika kupunguza mwendo, kukaa na kushika kasi tena. Weka vituo kumi zaidi na umeongeza karibu saa nzima katika safari ya Dodoma, na wa Dodoma atarudi kwenye basi. Zaidi ya hapo, reli ya njia moja haipendi treni za mwendo tofauti: ya haraka huifikia ya polepole, moja hulazimika kuingia kando na kungoja, na nafasi za treni za mizigo hupungua. Kwa hiyo kudai kwamba SGR isimame kila kijiji ni kuidai ifanye kazi isiyo yake. Reli ya bara ibaki ya bara.

Jibu liko kwenye reli ya zamani, na hapo ndipo natofautiana na wanaoiona geji ya mita kuwa chuma chakavu kinachongoja kung'olewa. Baada ya treni ya haraka kuhamia kwenye njia yake, reli ya zamani imefunguliwa mikono. Treni yake inaweza kusimama Kimamba na isimkere mtu. Treni ndogo ya mabehewa matatu au manne, hata ikichanganywa na mabehewa ya mizigo kama ilivyokuwa desturi ya matawi ya reli sehemu nyingi duniani, ingeweza kutoka Kidatu alfajiri, kupita Mikumi na ukanda wa Kilangali, kufika Kilosa kabla ya ofisi na kliniki kufunguliwa, na kurudi alasiri. Haihitaji kukimbia kila siku. Siku tatu kwa wiki zilizochaguliwa vizuri, zikafuata magulio na zikawiana na saa ambazo SGR inasimama Kilosa, zingekuwa na faida kuliko treni ya kila siku isiyokutana na kitu.

Pingamizi la kwanza ni gharama, na ni pingamizi zito. Tawi la namna hii lina madaraja na makalavati ya kutengenezwa, abiria wake ni wachache kuliko wa Dar es Salaam, na bodaboda na Noah tayari zinapita barabarani. Hakuna treni ya mkoa itakayojilipia kwa tiketi. Lakini treni ya mjini pia haijilipii, na hilo tumelikubali kwa sababu tunaiona faida yake kwa jiji. Tofauti ni kwamba foleni ya Dar es Salaam inaonekana kwenye televisheni, na mama mjamzito anayekaa nyuma ya bodaboda kutoka kijijini hadi hospitali ya Kilosa wakati wa masika haonekani. Iwapo msingi wa kuchangia treni ni hitaji la umma, basi hitaji lake lina haki ileile ya kuhesabiwa.

Pingamizi la pili linahusu nani abebe mzigo huo. Ujerumani mwaka 1996 haikuliachia shirika la reli la taifa kazi ya kuamua treni za mikoa. Serikali za majimbo zilipewa fedha, zikaagiza treni zinazotaka kwa mkataba, zikataja vituo, idadi na saa, na shirika au kampuni ikalipwa kwa kuendesha. Shirika halikuwa tena na sababu ya kuziona treni hizo kuwa hasara, kwa kuwa zina mteja anayelipa. Sisi tuna TRC, Shirika la Reli Tanzania, chini ya Sheria ya Reli ya mwaka 2017 na LATRA iliyoanzishwa mwaka 2019 kusimamia nauli na huduma. Mkoa wa Morogoro na Halmashauri ya Kilosa hawana nafasi ya namna hiyo ya kukaa mezani kama waagizaji wa treni. Fedha za halmashauri peke yake hazitatosha, hilo ni wazi, na ruzuku italazimika kutoka Hazina. Ila anayejua kama gulio ni Jumatano au Jumamosi, mpunga unavunwa mwezi gani na barabara ya Mikumi hukatika wapi, ni mtu wa Kilosa, na ndiye anayepaswa kuandika ratiba.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ya kuhesabu. Makadirio ya abiria hufanywa kwa kuuliza ni watu wangapi wanakwenda kazini kila siku, au wangapi husafiri kati ya miji mikubwa. Ukiuliza hivyo Kilangali utapata karibu sifuri, na ripoti itaandika kwamba hakuna soko. Inabidi kuuliza vingine: kaya moja huenda Kilosa mara ngapi kwa mwezi, kwa jambo gani, na mzigo gani, ililipa shilingi ngapi, ilitumia saa ngapi, na ni safari zipi ilizoziacha kwa kukosa usafiri wa bei inayoimudu. Safari hizo ziandikwe pia Mikumi, Kidodi na Kidatu, na ziandikwe katika miezi ya masika na ya kiangazi kando kando. Hapo ndipo itakapojulikana kama mabehewa matatu yanatosha au ni mengi, na mjadala wa treni ya tawi la Kidatu utakuwa umepata mahali pa kuanzia.